Punje Saba za Wangui

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Inspekta Peres Oloo alikuwa amekwisha kuisoma taarifa ya Daktari Kihara mara tatu, na kila mara alijihisi kama zulia la mlangoni ambalo mtu amelifutia viatu.

Taarifa ilipigwa chapa kwenye karatasi nzito, jina la kliniki ya Spring Valley likimeta juu kwa rangi ya dhahabu. Ilisema kwamba marehemu Wangui, muuza mboga wa soko la Kangemi, alitibiwa uvimbe wa paja bure, kwa hisani ya daktari. Ilisema tiba yenyewe haina hatari hata chembe. Ilisema kama kosa lilikuwapo, basi lilikuwa la muuguzi Everlyn, "mwanamke wa elimu ya wastani", aliyesinzia na kuiacha mashine ikiwaka kupita muda wake. Mwisho daktari aliwakumbusha polisi kwamba ana wagonjwa wa maana wanaomngojea.

"Wa maana," Peres alisema. "Wale wengine sijui ni wa nini."

Konstebo Mbithi alikuwa dirishani akichonga penseli. Ghorofa tatu chini yake wachuuzi walikuwa wakikunja maturubai mbio mbio, maana kanjo, askari wa jiji, walikuwa wameonekana kwenye kona. Aliendelea kuchonga. Alikuwa amefanya kazi na Peres miaka minne na alijua maneno yapi yanataka jibu.

Mezani palikuwa na kichupa cha kioo, na ndani yake punje saba za chuma, kila moja ndogo kama punje ya mchele. Daktari wa polisi alizitoa katika paja la Wangui siku ya Jumatatu. Ripoti yake ilikuwa fupi. Ngozi ya paja haikuwa na hata lengelenge moja, lakini nyama ya ndani ilikuwa imeiva, na ukuta wa mshipa mkubwa wa damu ulikuwa umeungua. Mshipa ulivumilia siku mbili. Siku ya tatu, Wangui alipoinama kupanga mafungu yake ya sukuma wiki, ulipasuka.

"Mlete huyo sista," Peres alisema.

Everlyn aliingia na sweta lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni, mkononi ameshika mfuko wa plastiki wenye shuka iliyokunjwa na mswaki.

"Hiyo shuka ni ya nini?"

"Daktari aliniambia nikikanyaga huku sirudi nyumbani."

"Kumbe siku hizi daktari ndiye anayefunga watu. Keti. Nieleze hiyo mashine kama unavyomweleza mama yako."

Everlyn aliketi kwenye ncha ya kiti. Alieleza polepole, akichora mezani kwa kidole. Mgonjwa hutiwa punje ndani ya uvimbe kwa sindano nene, na punje hubaki humo. Baada ya siku mbili hulazwa kitandani, akawekewa duara, nalo ni kama pete kubwa ya nyaya za shaba iliyovikwa plastiki. Stima ikipita kwenye duara, mgonjwa hasikii kitu, lakini punje zilizo ndani yake hupata moto. Uvimbe unaungua ndani kwa ndani, ngozi haiguswi.

"Na nani anauambia huo moto basi, imetosha?"

"Punje zenyewe, madam. Hizo si chuma cha kawaida, ni mchanganyiko. Zikifika kiwango chake zinaacha kushikwa na sumaku, na duara haliziwezi tena. Zinajizima. Wale wageni waliozileta walituonyesha. Walinatisha punje kwenye sumaku, wakatumbukiza kwa maji moto. Punje ikaachia, ikaanguka chini. Ilipopoa ikashika tena."

"Kwa hiyo hata ungelala."

"Hata ningelala mpaka leo. Na sikulala." Kwa mara ya kwanza alimtazama Peres machoni. "Stima ilipotea. Dakika kumi na tano zilikuwa zimepita, stima ikaenda, jenereta ikashika. Mashine ikiwaka upya saa yake inaanza kuhesabu dakika ishirini zote tena. Nikaiacha ihesabu, kwa sababu tulifunzwa haina neno. Mama Wangui akaniambia, sista, nasikia moto ndani, ndani kabisa. Nikakimbia kumwita daktari. Alikuwa varandani na mgonjwa wa lango la mbele."

"Akasema nini?"

"Akasema watu wa Kangemi hata upepo ukiwapiga wanalia. Nisimsumbue."

Penseli ya Mbithi ilisimama.

"Lango la mbele ni lipi?" Peres aliuliza.

"Yako malango mawili. Wale wa Spring Valley na wenzao wanaingia mbele, penye maua. Wetu wa Kangemi wanaingia lango la jikoni, wanangoja kwenye benchi kando ya mapipa ya takataka. Daktari hataki wakutane. Anasema wagonjwa wake wanakuja kupona, hawakuji kuona matope."

"Punje hutiwa na nani?"

"Yeye peke yake. Kabati ina ufunguo mmoja, na ufunguo hautoki mfukoni mwake. Mna makopo mawili, moja la kifuniko cha buluu, moja la cheupe. Nilipomuuliza aliniambia ni kitu kimoja, tofauti ni tarehe."

"Na kopo gani ni la nani?"

Everlyn aliukunja mfuko wake wa shuka mara mbili kabla ya kujibu. "Sijawahi kuona ametoa la buluu akitibu mtu aliyeingia jikoni."

Peres aliinama juu ya kichupa na lenzi. Ncha za punje zilikuwa zimeminywa, na kwenye kila mminyo palikuwa na kinundu kidogo, mahali pale pale, kana kwamba koleo lililozikata lilikuwa na pengo kama mdomo wa mzee. Punje sita zilikuwa laini. Ya saba ilikuwa na mistari iliyoizunguka, myembamba, iliyopangika vizuri.

Aliitazama hiyo ya saba kwa muda mrefu. Baba yake alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli huko nyumbani, na Peres alikuwa hajafika darasa la tano alipojua kufungua gurudumu na kulifunga tena. Mistari ile aliijua kwa ncha za vidole. Ni pale mwisho wa spoku, ule waya wa gurudumu, mahali nati ndogo hufungwa kuibana kwenye ringi.

"Mbithi," alisema, "lete gari, na tupitie kwa hakimu tuchukue hati ya kupekua hiyo kliniki. Na huyu sista apewe chai, kisha aje nasi. Hiyo shuka atarudi nayo kwake jioni."

*

Fundi wa kwanza wa baiskeli kando ya Waiyaki Way alikuwa na koleo zima. Wa pili pia. Wa tatu alikuwa ndani ya Kangemi, nyuma ya soko, mtu mrefu mwenye grisi hadi viwikoni, jina lake Lenox. Alikuwa akiokota goroli zilizomwagika vumbini. Hakuziokota kwa mkono. Alikuwa na sumaku iliyotolewa kwenye spika kuukuu, ameifunga kamba, anaiburuta ardhini kama anayevua samaki.

"Afande, kama ni leseni umechelewa," alisema bila kuinuka. "Kanjo walishakula asubuhi. Ngoja kesho kutakuwa na makombo."

"Nipe koleo lako."

Alimpa. Peres alikata kipande cha waya kilichokuwa chini, akakitazama kwa lenzi. Kinundu kilikuwapo.

"Lilivunjika jino nikikata mnyororo," Lenox alisema. "Hiyo nayo ni kesi?"

Peres alimimina punje moja kiganjani, ile yenye mistari. Lenox aliinama, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekutana na kazi yake mahali asipoitarajia.

"Hiyo ni yangu. Spoku. Hiyo kazi ilinichosha macho siku mbili."

"Ulimfanyia nani?"

"Jamaa wa gari nyeusi. Hakushuka. Alishusha kioo kiasi cha kupitisha mkono, akaniambia anataka vipande kama mchele, ni vya kupimia mashine fulani. Nikamwambia, mkubwa, huku mwisho spoku ina thredi, hii mistari, nitupe? Akasema kata tu, unauliza mengi na hebu jitazame umevaa nini. Basi nikakata yote. Mimi situpi chuma."

"Ukimwona utamjua?"

"Uso sikuuona sana, alikuwa ameshika pua muda wote. Kitambaa cheupe, hivi." Lenox alijibana pua kwa vidole viwili vyenye grisi, kidole kidogo kikiwa juu. "Huyo nitamjua kwa hicho kidole tu. Mtu akikushikia pua mbele ya wateja wako humsahau. Lakini kwani amefanya nini? Mashine imeharibika?"

"Hii ilitolewa ndani ya paja la Wangui."

Lenox aliitazama punje, kisha akatazama upande wa soko, ambako meza ya Wangui ilikuwa bado tupu, wenzake wameifunika gunia.

"Wangui wa sukuma?"

"Huyo."

Aliketi chini palepale, juu ya goroli zake. Aliposema, sauti yake ilikuwa imepoteza mzaha wote.

"Basi na Were."

"Were ni nani?"

"Jirani yangu, fundi wa mawe. Ana uvimbe begani, huku chini ya kwapa. Jumanne alienda kwa huyo huyo daktari akatiwa hizo vitu. Leo saa tisa ndiyo anachomwa. Amepita hapa sasa hivi amevaa shati la kanisani."

Mbithi alitazama saa yake. "Saa nane na nusu, madam."

"Hiyo sumaku niazime," Peres alisema.

"Chukua. Na mimi nichukue pia."

*

Hawakupita lango la maua. Peres aliwaongoza kupitia lango la jikoni, mbele ya mapipa na benchi tupu, hadi chumba cha mashine, akafungua mlango bila kubisha. Were alikuwa kitandani kifua wazi, shati lake jeupe limetundikwa vizuri kwenye msumari. Duara lilikuwa juu ya bega lake. Msichana wa mapokezi, ambaye hakuwa muuguzi wa kitu chochote, alikuwa amesimama kando ya swichi akisubiri mshale wa saa.

"Toa mkono wako hapo," Everlyn alimwambia, na msichana akautoa.

Were ndiye aliyekasirika. Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, na uvimbe ukionekana chini ya kwapa kama yai.

"Mnanizuilia nini? Nimengoja nafasi hii miezi minne. Nimefunga, nimeomba. Sasa imefika mnakuja na buti zenu. Polisi mmewahi kutuletea nini Kangemi kama si kutusaka?"

"Dakika kumi, baba," Peres alisema. "Nikiwa nimekosea nitakulaza mwenyewe na nitakuomba radhi mbele ya watu. Shuka kwanza."

Daktari Kihara alikuja akiwa na koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikakata macho. Alikuwa mtu anayeongea nawe akitazama juu kidogo ya kichwa chako, kana kwamba mtu anayestahili mazungumzo amesimama nyuma yako.

"Ninyi mmeingilia wapi?"

"Lango la jikoni," Peres alisema.

"Angalau mmejua pa kuingilia." Alimwona Everlyn, akamruka kwa macho kama mtu anavyoruka dimbwi. "Nina dakika chache. Chumba hiki si cha mikutano."

Aliwapeleka ofisini kwake. Lenox aliambiwa abaki ukumbini na Everlyn. Daktari akaagiza chai. Ililetwa kwenye chupa, na pamoja nayo kikombe kimoja cha udongo mweupe chenye kisahani, na kimoja cha plastiki ya kijani kilichochakaa mdomo, cha wafanyakazi wa bustani. Daktari akajimiminia kwenye cha udongo. Cha plastiki kikasukumwa upande wa Peres. Mbithi hakupewa kitu.

Peres alijaza kikombe chake mpaka juu. Mvuke ukapanda.

"Nina maswali matatu na sahihi moja," alisema. Akaweka kichupa mezani. "Hizi zilitolewa kwa marehemu. Ni zako?"

Daktari hakuinama hata kidogo kuzitazama. Alitabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la kumhurumia aliyeuliza.

"Inspekta, katika nchi hii, na sijui kama utaelewa, kwa kweli katika upande huu wote wa dunia, ni mimi peke yangu ninayefanya tiba hii. Punje za namna hii haziwezi kuwa za mtu mwingine. Nani mwingine angekuwa nazo? Waganga wa Kangemi?"

"Kwa hiyo ni zako."

"Bila shaka ni zangu."

"Na haziwezi kupita kiwango cha moto wake?"

"Ni jambo la fizikia. Haziwezi. Ndiyo maana nikaandika kwamba kosa ni la yule mwanamke, au la saratani yenyewe. Zaidi ya hapo ni umbea wa sokoni."

Mbithi alisogeza karatasi aliyoandikia majibu hayo. Daktari aliisoma kwa jicho moja na kutia sahihi kubwa yenye mkia mrefu, akairudisha kwa ncha za vidole.

"Swali la tatu," Peres alisema. "Naomba unionyeshe punje moja kutoka kabatini mwako."

Alifurahi kuonyesha. Ufunguo ukatoka mfukoni, kabati ikafunguliwa, na kopo lililotoka lilikuwa la kifuniko cha buluu. Kwa kibano cha fedha alitua punje moja juu ya karatasi nzito ya kliniki mbele ya Peres.

Peres alitoa mkobani sumaku ya Lenox, nyeusi, yenye kamba ya katani na vumbi la Kangemi. Daktari aliona ile takataka juu ya meza yake akarudi nyuma na kiti.

Punje ikaruka ikanata kwenye sumaku. Peres akaishusha kwa kamba ndani ya kikombe cha kijani mpaka ikazama, akafumba macho. Midomo yake ilitikisika bila sauti. Alikuwa akisema Baba Yetu, kwa sababu tangu utotoni ndicho kipimo cha muda alichokiamini. Alipofika kwenye amina aliivuta kamba. Sumaku ilitoka ikidondosha chai, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Imeachia," Mbithi alisema, akaandika.

"Naam," daktari alisema. "Mmegundua jambo ambalo kila mwanafunzi analijua. Hongereni."

Peres aliisaka punje kwa kijiko, akaipuliza ikapoa, akaigusisha sumaku. Ikanata tena. Akaiondoa, akaiweka kando. Kisha akamwaga chai yote ndani ya chungu cha maua dirishani, akajimiminia nyingine, ya moto kuliko ile, na kuzinatisha punje saba za Wangui kwenye sumaku.

Safari hii hakusema sala moja. Alisema mbili.

Kamba ilipopanda, punje zote saba zilikuwa zimeng'ang'ania sumaku kama kupe.

Peres aliitua sumaku juu ya karatasi ile nzito yenye dhahabu. Chai ikasambaa juu ya jina la kliniki.

"Hizi hazijui kujizima," alisema. "Hizi zingeendelea kupata moto mpaka mtu aondoe stima."

"Basi si zangu," daktari alisema upesi.

"Konstebo, soma alichotilia sahihi."

"'Bila shaka ni zangu,'" Mbithi alisoma. "'Nani mwingine angekuwa nazo.'"

"Muuguzi amezibadilisha. Anaweza kila kitu yule."

"Ufunguo uko wapi, daktari?"

Ulikuwa mkononi mwake. Aliutazama kama uliingia hapo wenyewe.

"Toa kopo la kifuniko cheupe." Peres alikunjua hati ya hakimu juu ya meza, mahali pakavu. "Ukitaka nitoe mimi, pia naweza."

Mbithi ndiye aliyelitoa. Ndani yake mlilala mchele wa chuma, na mwingi wake ulikuwa na kinundu kile kile, na hapa na pale kipande chenye mistari. Lilikuwa limebandikwa karatasi, na mwandiko wa daktari ulikuwa safi, wa kusoma bila shida: Jikoni.

Daktari Kihara aliuweka ufunguo mezani. Aliposema hakusema kama mtu aliyekamatwa. Alisema kama mtu aliyechoka kueleza jambo rahisi kwa watoto.

"Nilipewa kopo moja. Moja. Mnadhani vitu vile vinaokotwa? Wageni wanataka orodha ndefu ya wagonjwa ndipo walete jingine. Sasa ningevitia ndani ya watu wanaonuka moshi, wasiojua hata wanaumwa nini, ambao kesho watarudi kwa mganga? Vile ni vya watu watakaoishi maisha ya maana. Chuma ni chuma. Moto ni moto. Nilipiga hesabu, dakika ishirini zisingemdhuru mtu. Saa ingezima."

"Stima ilipotea."

"Hilo si kosa langu."

"Ulifuatwa varandani ukaambiwa anaungua."

Alifuta tone la chai kwenye mkono wa koti lake. "Huwa wanalalamika," alisema.

Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyejua Were alikuwa amesimama hapo tangu lini, shati lake la kanisani mkononi, kifua wazi. Aliingia taratibu, akaenda hadi mezani, akazitazama zile punje saba juu ya sumaku, kisha akagusa chini ya kwapa lake.

"Humu mna hizi?"

Peres hakumficha. "Ndiyo, baba. Hizo hizo. Bila duara hazina moto. Utapelekwa hospitali kuu leo hii, watazitoa."

Were akaitikia kwa kichwa. Akazibandua punje kwenye sumaku moja moja kwa kucha zake nene za kuchonga mawe, akazikusanya kiganjani, akazinyoosha mbele ya daktari.

"Daktari, uliniambia dakika ishirini ni kama jua la asubuhi. Chuma ni chuma, nimekusikia. Shika. Funga ngumi. Twende uweke mkono kwenye duara, mimi nitakuhesabia. Stima ikipotea tutaanza upya."

Alinyoosha mkono hivyo muda mrefu. Daktari Kihara alizitazama punje, akautazama mkono wenye chokaa kwenye mikunjo, na mkono wake mwenyewe ukarudi taratibu ukajificha nyuma ya koti. Were alikuwa amemkaribia sana. Jasho la hofu la Were, moshi wa kuni kwenye nywele zake, vilimfika puani. Daktari akatoa kitambaa cheupe akajibana pua, kidole kidogo juu.

"Ndiye," Lenox alisema kutoka ukumbini. "Kidole hicho hapo."

Mbithi akaandika hilo pia, na saa.

Were alizirudisha punje ndani ya kichupa, moja moja, akakipa kifuniko. Kisha akavaa shati, akafunga vifungo vyote, na alipomfikia Everlyn mlangoni akasema, "Sista, mke wangu yuko nje ya lango. Mwambie bado nipo."

Gari la polisi lilikuwa limeletwa mbele, penye maua. Wagonjwa watatu wa daktari walikuwa varandani wakinywa chai katika vikombe vya udongo. Mmoja alikuwa mama mwenye lulu shingoni, ambaye alikwisha kunyanyuka kidogo ili aone vizuri. Daktari Kihara aliwaona kupitia kioo cha mlango. Hapo tu, kwa mara ya kwanza siku nzima, alimtazama Peres usoni, akateremsha sauti.

"Inspekta. Nakuomba. Gari lizunguke. Tutokee lango la jikoni."

Peres alimfunga pingu, akahakikisha hazimbani sana, maana hakutaka aje kulalamika mahakamani.

"Lango lile ni la watu wa Kangemi, daktari," alisema. "Wewe hujafika kiwango chao."

Akafungua mlango wa mbele wote, hadi ukutani.